Mkanyaga Sufu

Kibao cha mlangoni kiliandikwa WALKER,
nami, wiki yangu ya tatu Huddersfield,
nikakitafsiri kimoyomoyo: Mtembezi.
Nikacheka peke yangu ukumbini.
Mwenye jina hajasimama tangu Februari.

Kila Alhamisi namwosha miguu.
Beseni la buluu, maji vuguvugu,
magaga ya kisigino kama ukoko wa wali,
kucha za manjano, ngumu, zinazoruka mkasi ukizigusa.
Moja iliruka wiki iliyopita, tukaitafuta
chini ya kitanda, chini ya kabati. Haikuonekana.
"Haya, tembea basi, Bwana Mtembezi," namtania kwa Kiswahili,
naye hutabasamu, akidhani namsifu.

Siku nilipomfasiria utani wangu alinuna.
Si kwa utani. Kwa kosa.
"Hatukuwa watembezi," akasema mzee Wilfred,
"hatukwenda popote. Tulikanyaga."

Akanisomesha, mguu mmoja majini, mmoja kwenye taulo:
kitambaa cha sufu kikitoka kwenye kitanda cha mfumi
kimeachana kama chekecheo, baridi inapita inavyotaka.
Basi hulazwa ndani ya pipa,
humwagiwa mkojo uliovunda,
mkojo wa mtaa mzima, uliozungukiwa kwa ndoo mlango kwa mlango,
kisha hupanda mtu, suruali magotini,
akakanyaga.
Akakanyaga.
Haendi mbele, harudi nyuma,
mpaka nyuzi zishikane kama watu msibani.
Mtu huyo kusini walimwita Fuller,
magharibi wakamwita Tucker,
huku kwenye vilima na manyunyu, Walker.
"Majina matatu," akasema, "harufu moja."

Baadaye vikaja vinu vya maji,
nyundo za mbao zikapokonya visigino kazi yao,
na jina, lilipokosa la kufanya,
ndipo kweli likaanza kutembea:
likapanda meli, likachongwa kwenye makaburi ya mbali,
likaandikwa juu ya maduka ya watu
wasiojua sufu wala pipa.

Hapo akaingia nesi Delrose na vidonge vya saa kumi.
Kifuani kwake, kwa herufi nyeupe: D. WALKER.
Miezi yote hiyo nilikuwa nimeona sare, sikuona jina.
Mzee akamchokoza: "Na wako, walikanyaga nini?"
Delrose akahesabu vidonge hadi mwisho, hakukosea.
"Kwetu Jamaika," akasema,
"jina liko kwenye daftari la shamba la miwa,
chini ya nyumbu, juu ya masufuria.
Wenyewe hawakuulizwa."
Akampa mzee maji, akangoja ameze.

Nikawaza: Kiswahili kingemalizia kwa herufi moja.
Kukanyaga. Kukanyagwa.
Sikusema. Nilikausha katikati ya vidole,
pale ukungu hupenda kujificha.

"Na lako wewe?" mzee akaniuliza, kwa sauti ndogo sasa.
Mimi ni Siafu. Pasi ndivyo isemavyo.
Babu yangu, Muheza, akiwa na miaka minne
alikanyaga msafara wa siafu, akapiga yowe
lililowatoa wanaume msikitini.
Lilikuwa jina la mzaha, la kupita.
Leo mwanangu huitwa Siafu darasani
na mwalimu mwenye nywele za shaba
asiyejua kwamba anataja uchungu wa mguu wa mtoto.

Delrose ndiye aliyecheka kwanza.
Halafu mzee, mpaka maji yakamwagika,
miguu yake ikipiga beseni, polepole,
kulia, kushoto, kulia,
bila kwenda popote.

Ile kucha nimeipata jana nyumbani,
imenasa ndani ya soksi yangu ya sufu.
Sijui ilinifuata lini.